Akiba Hulowa

Nimetandaza gazeti la juzi mezani jikoni,
na juu ya gazeti, vitu vitano.
Nje ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Kulungu wetu sita hawajaonekana tangu Jumanne,
ng'ambo ya mto Njoammil.
Kifuko ni kimoja, kidogo kama ngumi ya mtoto.
Vyote haviingii.

Gome la mbetula, nililibandua Juni.
Jepesi, jeupe, limejikunja
kama barua ambayo mwenyewe hataki isomwe.
Lina mafuta yake lenyewe, halihitaji kubembelezwa.
Lakini nikilikalia saa tatu juu ya pikipiki ya theluji
nafika na unga.

Kuvu ya mtini: hii kaka yangu Jovnna huiapia.
Aliichemsha katika maji ya majivu,
akaiponda kwa nyundo siku nzima ya Jumapili
hadi ikawa laini kama ndewe ya sikio.
Cheche moja tu, nayo hushika. Haitoi mwali,
hunong'ona, nyekundu, nusu saa.
Ni nzuri. Siwezi kusema si nzuri.

Kijiti cha msonobari kilichoshiba utomvu,
kizito, rangi ya nyama ya kukausha.
Hiki hudai kisu, na kisu hudai vidole.

Pamba iliyopakwa mafuta ya mgando,
ndani ya kikopo cha filamu cha marehemu baba.
Kifuniko kina ufa. Nimekifungua: barafu.

Cha tano hakina uzuri wowote.
Ni utepe wa tyubu ya baiskeli,
mweusi, mpana kama dole gumba.
Jovnna akiuona hukunja pua:
"Rávdná, unanuka gereji."

Husema watu akiba haiozi.
Hawakusema kwamba hulowa.
Novemba iliyopita barafu ya mto ilinipokea hadi kifuani
na ilipokubali kuniachia
kila nilichokuwa nacho kilikuwa kimekunywa maji pamoja nami:
njiti za kiberiti zimekuwa uji,
kuvu ya Jovnna imekuwa sponji,
na ile sala ya mama, nilisahau inaanzaje.
Mikono haikuwa yangu tena. Niliiona
ikipapasa mfuko kama mikono ya mlevi anayetafuta ufunguo.

Kiberiti cha gesi nilikitia kwapani.
Nikahesabu hadi mia mbili kwa sauti,
maana nikinyamaza nitalala.
Mara ya tisa kikatoa kimwali cha bluu, kiduchu,
nami nikakipa kile nilichoweza kung'ata na kukivuta kwa meno:
mpira.

Ukawaka. Ukiwa umelowa, ukawaka,
kwa moshi mzito wenye matusi,
ukidondosha matone ya moto juu ya vijiti vikavu
nilivyovivunja chini ya mti kwa viwiko.
Sijawahi kunusa kitu kitamu kama hicho.

Baiskeli ilikuwa ya Sunná.
Ya bluu, kengele yake ilikufa kabla ya breki.
Kiangazi kile jua lilipokataa kutua
aliipanda hadi usiku wa manane, akirudi na magoti mekundu
na tyubu imetoboka, mara ya tatu, "Mama, ziba."
Sasa yuko Tromsø, anasoma mambo ya samaki.
Hupiga simu akikumbuka.
Sijamwambia habari ya mto.

Mchagua jembe si mkulima, najua,
na saa inakwenda, na Jovnna anapiga honi uani.
Basi: gome kidogo, ndani ya karatasi ya nailoni.
Kuvu pia, kipande kama ukucha, ili kaka asinune.
Kijiti na pamba, bakini mezani.

Kisha naiendea ile tyubu msumarini nyuma ya mlango.
Imebaki kama shibiri mbili.
Nakata utepe mpya,
mkasi unafika kwenye kiraka nilichokibandika mimi,
kimepinda kidogo, gundi imetoka pembeni.

Nakiruka.
Nakata upande wa pili.